Mbwa Anayejikuna Kila Mara: Kwa Nini Ugonjwa wa Ngozi Hurudi?



Katika masomo yaliyopita tumezungumza juu ya mbuzi, kuku wa kienyeji na mizinga ya nyuki. Mbwa hatumtaji. Hata tunapohesabu mali ya boma tukijaza fomu za kikundi, hakuna mahali pa kumwandika. Lakini tuulizane ukweli: usiku fisi anapozunguka zizi kule Mutomo au Ikutha, ni nani anayebweka? Nyani wakishuka kwenye mahindi huko Kibwezi, mtoto huenda na nani shambani? Mbwa ni askari asiyelipwa mshahara, na chakula chake ni makombo ya muthokoi, kama yamebaki.

Sasa angalia kinachotokea kwa askari huyu. Mvua za Novemba zikinyesha anaanza kujikuna. Manyoya yanatoka, kwanza masikioni na kwenye viwiko, halafu tumboni. Vidonda vinatoka usaha na harufu. Mwenye boma anampaka oili chafu ya gari, au dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki kwenye chupa. Anapata nafuu kidogo. Baada ya wiki tatu au nne hali imerudi vile vile, pengine mbaya zaidi. Anapakwa tena. Mara ya tatu watu huchoka. Wanasema, "Huyu amelaaniwa," wanamfukuza, au mtu anamwekea sumu kwenye nyama. Mbwa aliyefukuzwa naye hapotei hewani, huhamia kwa jirani na upele wake mwilini.

Somo la leo ni kueleza kwa nini ugonjwa huu hurudi, na kikundi kinaweza kufanya nini kwa pesa kidogo.

Kidonda si mwanzo wa ugonjwa

Ngozi ya mbwa mzima ina bakteria wakati wote, kama ngozi yetu. Hawamdhuru mradi ngozi ni nzima. Kitu kikiitoboa au kikimfanya mbwa ajikune mpaka ichubuke, bakteria hao huingia na kuzaana. Hapo ndipo vinatokea vipele vyenye usaha, magamba ya mviringo na ile harufu. Kwa hiyo usaha tunaouona mara nyingi ni ugonjwa wa pili. Wa kwanza umejificha chini yake. Ukiua bakteria na kuacha kile kilichowafungulia mlango, utapata nafuu ya wiki chache tu. Ni kama kupanguza maji sakafuni huku bati linavuja.

Kwa hiyo swali la kuuliza siyo "dawa gani?" Uliza kwanza: ni nini kinachomkunisha? Mchunguze mbwa mchana, penye mwanga. Mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumshika, hata kama ni wako na umemlea mwenyewe, maana mnyama mwenye maumivu huuma. Watoto wakae mbali.

Viroboto. Angalia mgongoni karibu na mkia na kwenye mapaja. Ukiona vitu vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, viweke kwenye karatasi nyeupe na udondoshe maji. Vikitoa rangi nyekundu, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Mbwa wengine mate ya kiroboto huwadhuru sana, na viroboto wachache tu hutosha kuwafanya wajing'ate mpaka manyoya yaishe.

Upele wa utitiri unaochimba ngozi. Huu ndio wa kuogopa zaidi katika vijiji vyetu. Wadudu wenyewe hawaonekani kwa macho. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, na mayai huanguliwa baada ya siku chache. Kutoka yai mpaka mdudu mzima ni kama wiki mbili hadi tatu. Dalili: mwasho mkali sana mchana na usiku, manyoya kutoka kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo, ngozi kuwa nene yenye magamba. Kuna kipimo rahisi. Shika ncha ya sikio na uisugue taratibu kwa vidole (vaa glavu au mfuko wa nailoni). Mguu wa nyuma wa upande huo ukianza kupiga kama anajikuna, shuku upele huu. Huambukiza mbwa wengine haraka. Nasi watu unaweza kutuwasha mikononi na tumboni, hasa watoto wanaomkumbatia mbwa. Utitiri wa mbwa hauzaani vizuri kwa binadamu, na mbwa akitibiwa mwasho wa watu kwa kawaida huisha. Usipoisha, huenda ni upele wa binadamu wenyewe, nendeni zahanati.

Utitiri wa vinyweleo. Huu ni mwingine, na hapa wengi huchanganya. Huonekana zaidi kwa watoto wa mbwa: mabaka yasiyo na manyoya kuzunguka macho, mdomoni na miguu ya mbele. Mwanzoni hauwashi sana. Mtoto wa mbwa huupata kwa mama yake akinyonya, wala hauambukizi watu. Mbwa wengi wanao bila kuugua, hutokeza nguvu ya mwili ikipungua. Ukiuona kwa mbwa mkubwa, fahamu kwamba kuna jambo jingine ndani: minyoo, njaa, ugonjwa wa kupe, au dawa aliyopewa vibaya.

Choa, yaani mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika, ni ukungu, na huambukiza watoto wetu. Kupe wa mbwa, wale wa kahawia wanaopanda ukutani na kujificha kwenye nyufa, nao hutoboa ngozi na kuleta homa ya damu. Funza huingia kwenye nyayo za mbwa kama anavyoingia kwenye vidole vya mtoto, na nyumba inayotibu watoto funza bila kuangalia miguu ya mbwa haitamaliza funza.

Kuna jambo moja la kwetu hapa Ukambani. Ugonjwa wa kala-azar ulilipuka Kitui miaka ya 1950. Mwaka 1980 watafiti waliandika kwamba walikuta vijidudu vya jamii hiyo kwa mbwa wawili katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo bado ilikuwa pamoja na Makueni. Huletwa na vijinzi vidogo sana vinavyojificha kwenye vichuguu vya mchwa. Sisemi kwamba kila mbwa mwenye vidonda anao, la hasha. Walakini mbwa anayekonda, mwenye vidonda vya puani na masikioni ambavyo dawa zote zimeshindwa, na ambaye kucha zake zinarefuka kupita kiasi, aonwe na daktari wa mifugo. Na mtu wa boma mwenye homa ya muda mrefu na tumbo lililovimba upande wa kushoto asikae nyumbani akinywa panadol.

Mambo yanayorudisha ugonjwa

Oili chafu ya gari ni sumu. Ina madini mabaya, mbwa huilamba, na huchoma ngozi iliyokwisha chubuka. Wanaosema iliwasaidia waliona wadudu wachache wakikosa hewa, lakini ini la mbwa hawakuliona. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo.

Dawa ya kuogeshea mifugo ni jambo la kuzungumza kwa makini, kwa sababu iko katika kila boma na watu huipima kwa kifuniko cha soda. Dawa hizi si za aina moja. Zile kali za jamii ya fosfeti zinaweza kuua mbwa siku ile ile: hutoa mate mengi, hutetemeka, hushindwa kupumua. Dawa ya amitrazi hutumika kwa mbwa pia, ikichanganywa sawasawa. Ile ya asilimia 12.5, kipimo cha upele wa mbwa ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji, zikipimwa kwa sindano isiyo na ncha, siyo kwa macho. Mwogeshe kwanza kwa sabuni, suuza, mpake dawa, mwache akauke bila kumsuuza wala kujilamba, na urudie kila baada ya siku 7 hadi 14, si chini ya mara tatu. Usimpake mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne, wala mbwa mwenye mimba au anayenyonyesha. Vaa glavu na ufanye kazi mahali penye upepo. Kabla ya yote soma lebo. Kama lebo haitaji mbwa, muulize afisa wa mifugo kwanza. Tena angalia paka: dawa ya mbwa yenye pemethrini inaweza kumuua paka.

Sindano ya ivamektini ya ng'ombe nayo inatumika sana. Inaua utitiri, kweli. Shida ni kwamba kila mililita 1 ina miligramu 10, na mbwa wetu wa kawaida wa kijijini hafikishi hata mililita 1. Mkono ukizidi kidogo mbwa hupepesuka, hupofuka kwa muda au hufa. Mbwa wa asili ya kizungu wa kuchunga kondoo hudhurika hata kwa kipimo kidogo. Hii ni kazi ya mtaalamu aliyempima mbwa uzito.

Halafu kuna sindano ya kuondoa mwasho. Sina ugomvi na watu wanaopita na pikipiki wakitibu mifugo, wengine wametusaidia usiku wa manane ng'ombe akishindwa kuzaa. Lakini sindano ya deksamethasoni kwa mbwa mwenye upele ni udanganyifu mtamu. Kesho yake mbwa amelala vizuri, hajikuni, na mwenye boma anafurahi. Wakati huo kinga ya mwili imeshushwa, utitiri na bakteria wanazaana kwa raha, na baada ya wiki chache mbwa anarudi akiwa hana manyoya kabisa. Mtu akija kumdunga mbwa wako, muulize dawa inaitwaje na ni ya nini. Muulize pia kama ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kama sheria ya mwaka 2011 inavyotaka. Kuuliza si utovu wa adabu.

La mwisho ni antibayotiki nusu nusu. Sindano moja ya antibayotiki, au vidonge vitano vilivyobaki vya mtoto, havitibu ngozi. Vinaua bakteria dhaifu na kuwaacha wakali. Siku hizi ushauri wa wataalamu ni kuanza na kuosha ngozi kama vidonda ni vya juu juu. Vidonge viwe vya vidonda vizito na viandikwe na daktari. Kwa kawaida huanza na wiki mbili, kisha mbwa huangaliwa tena kabla ya kuacha. Vidonda vya ndani huchukua muda mrefu zaidi. Usiache dawa kwa sababu usaha umekauka.

Kumtibu nyumbani

Kata manyoya yaliyoshikana kuzunguka vidonda. Osha kwa sabuni ya klorheksidini kutoka agroveti, mara mbili kwa wiki, na povu likae dakika 10 kabla ya kusuuza. Hizo dakika 10 ndizo dawa yenyewe, ukisuuza mara moja umepoteza pesa. Kama sabuni hiyo haipatikani, sabuni ya kipande huondoa magamba na uchafu, halafu vidonda vidogo vioshwe kwa maji ya chumvi: maji nusu lita yaliyochemshwa na kupoa, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Wengine huuliza juu ya mwarobaini na kiluma. Maji ya majani ya mwarobaini hutuliza ngozi na viroboto hawayapendi. Kiluma hupooza kidonda. Vitumike pamoja na dawa, siyo badala yake.

Maji najua ni shida. Mbwa mmoja huoshwa kwa nusu jerikani mkitumia karai na kikombe. Jambo moja nawaomba sana: msiogeshe mbwa kwa dawa karibu na kisima cha mchangani wala juu ya bwawa la mchanga. Tumechimba na kubeba mawe miaka mingi ili tupate maji yale, na dawa ya kupe ikiingia mchangani itanywewa na watoto. Maji yaliyobaki yasimwagwe karibu na mizinga wala kwenye mkondo wa mto.

Chakula nacho ni dawa. Ngozi hujengwa kwa protini na mafuta, na mbwa anayekula ugali mtupu hana cha kujengea. Mchanganyie mchuzi wa maharagwe, vichwa vya omena, au yai moja moja. Matumbo ya mbuzi na mapafu yachemshwe vizuri kabla ya kumpa, maana mabichi humpa minyoo ambayo hurudi kwetu sisi wenyewe. Mpe dawa ya minyoo kila miezi mitatu.

Kwa mwenye uwezo, tangu miaka ya 2013 na 2014 kumekuja vidonge vya kutafuna vinavyoua viroboto, kupe na utitiri kwa mwezi mmoja au zaidi. Vinafanya kazi vizuri hata kwa utitiri wa vinyweleo. Bei yake inauma, na mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari. Lakini piga hesabu ya chupa za dawa ulizomwaga mwaka mzima bila faida, halafu ulinganishe.

Mahali anapolala, na mbwa wa jirani

Hapa ndipo wengi wetu tunashindwa. Wataalamu hukadiria kwamba kati ya viroboto wote wa boma, wale wazima tunaowaona juu ya mbwa ni kama 5 katika kila 100. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifuko vilivyo mavumbini anapolala: chini ya ghala, kwenye gunia kuukuu, pembeni mwa zizi. Kifuko kinaweza kungoja miezi kikisubiri joto la mnyama apitaye. Basi umemwogesha mbwa vizuri sana, ukamrudisha kwenye gunia lile lile.

Siku ya kumtibu, choma gunia. Fagia mahali pake mpaka udongo mgumu, na takataka zichomwe. Mhamishe mahali palipo wazi panapopigwa na jua, kwa sababu mayai na mabuu ya kiroboto hufa kwa ukavu na joto, na jua kwetu ni bure. Fagia tena kila wiki kwa miezi miwili. Nyufa za ukuta zenye kupe zizibwe kwa udongo.

Halafu mbwa wa jirani. Mbwa wetu hawafungwi. Usiku hukutana sokoni, kwenye jalala la hoteli, kwa jike aliye na joto. Ukimtibu wako peke yake, wiki ya tatu atakuwa ameletewa upele mwingine. Kazi hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Tuna mwethya wa kuchimba mitaro na kujenga mabwawa; kwa nini tusiwe na mwethya wa mbwa?

Tuseme kikundi kina maboma 20 na mbwa 30. Chagueni siku moja kabla ya mvua za Oktoba, wakati viroboto bado ni wachache. Kila boma lilete mbwa wake wakiwa wamefungwa kamba, jerikani moja ya maji, na mchango mliokubaliana. Dawa inunuliwe pamoja, chupa moja kubwa ikigawanywa kwa vipimo ni nafuu kuliko chupa ndogo 20. Mwalikeni afisa wa mifugo wa wadi. Tangu mwaka 2013 huduma hizi ziko chini ya serikali ya kaunti, na kundi lililojikusanya humvuta kuliko mtu mmoja anayempigia simu. Siku hiyo hiyo maboma yote yafagie na kuchoma magunia. Mrudie baada ya siku 14, na tena baada ya siku 14 nyingine. Mara hizo mbili za kurudia zisirukwe kwa sababu mbwa wanaonekana wazuri. Mayai yaliyokuwa ngozini siku ya kwanza ndiyo yatakuwa yameanguliwa.

Mkiwa mmewakusanya, ombeni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mkakati wa kitaifa wa mwaka 2014 hadi 2030 unataka kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa, na Makueni ni mojawapo ya kaunti zilizochaguliwa kuanza. Ili ugonjwa ukatike, mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe kila mwaka. Kichaa chenyewe si ugonjwa wa ngozi, lakini mbwa anayewashwa usiku kucha ana hasira, na mtoto akimkanyaga ataumwa. Akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.

Katibu aandike kwenye daftari: jina la boma, mbwa wangapi, dalili zilizoonekana, dawa na kipimo, tarehe ya kurudia. Mbwa ambaye ametibiwa mara zote tatu, mahali pake pamesafishwa, na bado ugonjwa unarudi, huyo apelekwe kwa daktari akwanguliwe ngozi na kupimwa kwa hadubini. Msiongeze dawa juu ya dawa. Daftari litamwambia daktari mambo ambayo mbwa hawezi kusema.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika maboma yetu, ni mbwa wangapi wamekuwa na ugonjwa wa ngozi zaidi ya mara moja tangu mvua zilizopita? Walipakwa nini kila mara?

2. Je, kuna watoto wanaojikuna katika maboma hayo hayo?

3. Ni mahali gani katika kijiji chetu tunaweza kuogeshea mbwa 30 bila maji ya dawa kufika kwenye mto au kisima?

4. Kuna mbwa wasio na mwenyewe pale sokoni. Nani atawashika siku ya mwethya, na dawa yao italipwa kutoka mfuko gani?